Ukuta wa Kuni Mbichi

Huku kwetu, kaskazini kwenye theluji, mtu hatazamwi uso kwanza, hutazamwa ukuta wake wa kuni. Pita barabara ya Lehto mwezi wa kumi uone. Kila nyumba imepanga wake, umeelekea barabarani, magome juu, ncha zimelingana kama meno. Hakuna anayesimama kuutazama, hiyo ni adabu mbaya. Unapunguza mwendo wa gari, unajifanya unatafuta kitu kitini. Ukifika nyumbani ndipo unapomwambia mwenzako, "Wale wa kona bado hawajapanga, sijui baridi hii watakula nini." Kula, ndivyo tunavyosema, ingawa ni kuni.

Ukuta tuliopimiana nao sote ulikuwa wa Urho Rautio. Urho alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo aliyasema kwa kuni. Kati ya kipande na kipande aliacha nafasi ya upepo. Alisema panya apite, lakini paka anayemfukuza asipite. Kuni zake zilikaa nje jua la mwaka mzima na zaidi, zikageuka kijivu, zikapasuka nyufa kichwani kama kisigino cha mtembea peku. Ukizigonganisha zililia kama mabakuli.

Urho alikufa mwezi wa nne, theluji ikiwa bado imejificha kwenye kivuli cha nyumba. Akamwacha mkewe Hilja, jirani yangu tangu tulipokuwa maharusi sote wawili, mimi upande huu wa kinamasi na yeye upande ule.

Mtoto wao ni mmoja, Kaarina, anaishi mjini kwenye nyumba ambayo ukitaka joto unageuza kitufe. Matanga yalipoisha alikaa na mama yake mezani, na mimi nilikuwepo, nakausha vikombe.

"Mama, nani atakukatia kuni?"

"Kwani mikono yangu imekatika?"

"Una miaka sabini na sita."

"Na hilo shoka lina hamsini, mbona hulihamishii mjini?"

Mimi nikacheka. Kaarina hakucheka. Alikuwa amechoka, na alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hana masikio ya mzaha. Mwisho wakapatana. Theluji ya kwanza ikianguka, Kaarina atakuja. Akikuta ukuta umejaa, tena kuni kavu, basi neno la kuhama halitasemwa tena katika nyumba ile. Asipokuta, Hilja atafunga mlango amfuate mjini. Wakapeana mikono kama wauza ng'ombe.

"Saima ni shahidi," Hilja akasema.

"Saima ni shahidi," nikasema.

Sasa, mtu mwenye mapatano kama hayo angeanza siku ya pili. Kuni zinataka kiangazi, kiangazi chetu ni kifupi, kila mtu anajua. Lakini shoka la Urho lilikuwa limebaki pale pale alipolikita mara ya mwisho, kwenye gogo la kuchanjia, mpini umesimama juu. Hilja alikunywa kahawa yake dirishani kila asubuhi akiutazama mpini ule. Aliniambia baadaye, nikiling'oa nitakuwa nimeutoa mkono wake. Basi Mei ikapita, Juni ikapita na mbu wake, na shoka liko pale, na ndege wameanza kutua juu ya mpini.

Tena alikuwa na tegemeo lake. Miti yetu ya eshi imekufa yote. Aliingia mdudu mdogo wa kijani, anang'aa kama kipuli cha sikio, akala chini ya gome mpaka msitu mzima ukasimama uchi. Vigong'ota wakaja kumtafuta wakaambua magome, na miti ikabaki myeupe kinamasini kama watu waliotoka kuoga wakakosa taulo. Mwezi wa nane wafanyakazi wa nyaya za umeme walikata ile iliyoelekea waya upande wa Hilja, wakaikatakata, wakaiacha hapo hapo. Eshi ya bure, mlangoni.

Na kwa eshi sisi tuna msemo wetu, tumenyonya nao: eshi haingoji. Mti mwingine unataka jua na subira, lakini eshi unaikata leo, kesho unakaangia samaki. Na ile iliyofia wima ndiyo kabisa, imejikausha yenyewe. Hivyo ndivyo tunavyosema. Kwa hiyo Hilja akakaa. Akangoja mpaka mwisho wa mwezi wa tisa, nyasi zimeshaanza kuota barafu asubuhi, ndipo alipotoka, akavaa glavu za Urho, akaling'oa shoka.

Eshi ni mti mwepesi kuchanja, unafunguka kama kitabu. Kuni za juu, za matawi, zilikuwa kavu kweli, lakini hizo ni za kuwashia tu. Alipofika kwenye magogo ya chini, yale manene, akapiga kabari, maji yakatoka. Yalichuruzika kandokando ya chuma yakaingia kwenye glavu. Mti ule ulikuwa umesimama miguu majini miaka yote, na mti ukifa haufungi mdomo, unaendelea kunywa. Hilja akachukua vipande viwili akavigonganisha. Havikulia. Vilisema du, kama mgongo wa mtu aliyevaa koti zito.

Akachanja nyingine. Du. Nyingine. Du.

Hapo ndipo angekuja kwangu. Ni mwendo wa kahawa kupoa tu kutoka mlango wake hadi wangu. Hakuja. Alichanja zote, akazipanga, na nyuma ya sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke, kulikuwa na safu moja ya kuni za Urho za mwaka juzi, za kijivu, ambazo hakuwa na moyo wa kuzichoma. Akazitoa. Akazipanga mbele ya zile mbichi, upande wa barabara, na nyingine akazilaza juu. Mbele Urho, nyuma maji.

Mimi nilipita siku hiyo na mkate wa iliki chini ya kitambaa. Nikauona ukuta, nikasahau adabu, nikasimama katikati ya barabara.

"Hilja! Umewezaje, dada?"

"Eshi haingoji," akasema, hakugeuka.

"Angekuona Urho!"

Akajikausha. Mwenyewe alijikausha, kuni hazikujikausha.

Theluji ilikuja mapema. Kaarina akafika na buti za mjini, akashuka garini, akasimama mbele ya ukuta. Akavua glavu, akapitisha kiganja kwenye zile nyufa za kijivu, akaanza kulia.

"Nilikudharau, mama," akasema. "Umeshinda. Sitalisema tena."

Hilja alimshika bega. Niliona anatazama juu ya kichwa cha mwanawe, huko kinamasini, kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Nikadhani ni furaha. Kumbe ushindi ulikuwa ukimchoma kama mwiba wa samaki.

Yangeishia hapo, angeungua na moshi wake peke yake mpaka theluji iyeyuke, na hakuna ambaye angejua. Lakini Aila Pelto akajifungua.

Aila ni binti wa Eino Pelto, yule mwenye mdomo. Ameolewa na kijana wa mji mkubwa wa Detroit anaitwa Curtis, mpole, mrefu, aliyekuja huku kwa ajili yake na anajifunza kila kitu kuanzia kuvaa soksi mbili. Sasa sisi mtoto akizaliwa hapelekewi nguo kwanza, anapelekewa kuni. Kuni za mtoto. Zinatoka kwenye ukuta uliosimama vizuri kuliko zote mwaka ule, na ni heshima kubwa kufuatwa. Mwenye ukuta hagusi, hachagui. Wanaokuja huchukua pale mkono unapoangukia, na kazi yake yeye ni kahawa. Kumwambia mtu chukua hizi, zile ziache, ni sawa na kumpakulia mgeni huku umeikinga sufuria.

Eino akaja na pikapu na wanaume wawili, wanaimba.

"Hilja! Tumeufuata ukuta wa Urho!"

Hilja alitoka na aproni. "Nendeni kwa Saima safari hii. Zangu ni chache."

"Chache? Na huu nini, uzio?"

"Niko peke yangu, Eino. Baridi ni ndefu."

Eino akawageukia wenzake. "Mnasikia? Urho hajamaliza mwaka, kuni zake zimeanza kufichwa uvunguni. Au mjukuu wangu hatoshi?"

"Sikusema hivyo."

"Basi weka kahawa, mama, acha choyo."

Akaweka kahawa. Alisimama jikoni akiwasikia wanarushiana. Walianzia pembeni, wakaingia ndani mpaka kwenye moyo wa ukuta. Mmoja akasema, "Nzito hizi!" Eino akamjibu, "Eshi ndiyo ilivyo. Unabeba mti wewe, hubebi mkate." Walivaa glavu nene, giza limeshaanza kuingia rangi haionekani, na kuni za eshi iliyokufa hazina gome la kukuambia kitu. Kugonganisha hawakugonganisha. Nani angegonga kuni nyumbani kwa Urho Rautio? Ungekuwa kama unauma pete ya bibi harusi kanisani uone kama ni dhahabu.

Wakaingia, wakanywa kahawa, wakamsifu. Hilja akawakatia mkate.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tulikuwa kwenye ukumbi wa chini ya kanisa tunakunywa kahawa kama kawaida. Hilja alikuwa ameshika birika, ilikuwa zamu yake. Eino amekaa katikati ya meza ndefu.

"Jamani, mmesikia habari ya mkwe wangu? Kapewa kuni za Urho Rautio. Za Urho! Kuni ambazo hata kipofu angeziwasha kwa kuzipigia mluzi. Yeye anatoa moshi kama treni."

"Labda anakausha samaki," mtu akasema.

"Samaki ndiye mjukuu wangu! Ukimbusu unatafuta chumvi."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, ilikuwa imesemwa vizuri. Curtis alikuwa amesimama mlangoni na koti mkononi, masikio yamekuwa mekundu.

"Nimejaribu, baba," akasema. "Nimefagia bomba la moshi. Masizi yanarudi tena, yananata kama lami. Kuni zinalia zikiwa ndani, zinatoa povu kwenye ncha."

"Zinakulilia wewe," Eino akasema. "Detroit moto unabonyezwa."

Wakacheka tena. Povu, amesema povu, mbele ya meza nzima ya watu waliozaliwa na shoka, na hakuna aliyelisikia. Kuni za Urho hazitoi povu, kwa hiyo kijana kaona vibaya.

Hilja alikuwa akimimina kwenye kikombe changu. Kahawa ikapanda, ikapita ukingo, ikajaa kisahani. "Hilja, shoga, inatosha!" nikasema. Akaweka birika chini. Na Curtis, maskini, akaona ndiyo nafasi yake, akaja mpaka kwake akainamisha kichwa kidogo, maana yeye ni mrefu.

"Bi Hilja, samahani. Bora nione aibu ya kuuliza kuliko mtoto aendelee kukohoa. Kuni zako zinawashwaje?"

Akamtazama. Ninaona hata sasa midomo yake ilivyofunguka ikafumba.

"Fungua hewa ya chini ya jiko, mwanangu," akasema. "Ifungue yote. Na uwe na subira."

"Hewa ya chini yote, na subira," Curtis akarudia, kama mtoto aliyetumwa dukani. "Asante. Asante sana."

Wiki ile habari zilizunguka. Hewa ya chini haikusaidia. Eino alikwenda na pikapu yake akamchukua Aila na mtoto na kitanda cha mtoto, akawapeleka kwake. Alisema mbele ya watu kwamba binti yake atarudi siku mumewe atakapojua kuutunza moto, na kama hawezi, barabara ya Detroit haijafungwa na theluji. Curtis akabaki peke yake kwenye nyumba ile, milango wazi, anafukuza moshi.

Jumamosi mchana tulikuwa kwenye sauna yangu, mimi na Hilja, kama miaka yote. Tumekaa uchi wetu wa uzee kwenye benchi la juu, yeye ameshika kata ya maji. Mimi nikamsimulia habari hiyo ya kitanda cha mtoto, nikamwigiza na Eino anavyokaza shingo. Nilidhani atacheka.

Hakumwaga maji. Kata ilibaki hewani.

"Mtoto wanaye kwa Eino?"

"Tangu Alhamisi."

"Na yeye kijana anasema nini?"

"Atasema nini? Anasema ni kosa lake. Anawauliza watu kila mahali wamfundishe. Kamuuliza hata mtu wa posta."

Akateremka kwenye benchi. Akajitupia koti juu ya mwili uliolowa, akavaa buti bila soksi. "Njoo, Saima."

"Tutakufa na baridi!"

"Njoo."

Tukavuka kinamasi kwenye ganda la barafu, mvuke unatutoka mabegani kama farasi. Akanipeleka nyuma ya ukuta wake, upande ambao hauonekani barabarani. Nikaona rangi yake, njano, kama siagi. Akatoa vipande viwili vya ndani akavigonganisha mbele ya uso wangu.

Du.

Nilikuwa natazama zile ncha, maji yamegandia humo kama machozi kwenye kope.

"Nani anajua?" nikauliza.

"Wewe na mimi na kuni."

Nikafikiri haraka, maana nampenda. "Sikiliza. Kwangu kuna kuni za mti wa mepo, kavu kabisa. Nampelekea Curtis kesho kimya kimya, nasema ni zawadi yangu. Zako anazirudisha kwa sababu yoyote. Moto unawaka, Aila anarudi, yamekwisha. Kaarina hajui, Eino hajui. Unabaki nyumbani kwako."

"Na Curtis?"

"Curtis moto wake unawaka!"

"Unawaka, na Eino atasema, hatimaye mjinga kajifunza. Atalisema kwenye harusi na kwenye mazishi. Mtoto atakua anasikia baba yake alishindwa kuwasha kuni za Urho Rautio." Alivirudisha vile vipande mahali pake, akavisawazisha kwa kiganja, mazoea tu. "Alinisemesha kwa adabu, Saima. Alisema samahani. Mimi nikamwambia hewa ya chini."

Meno yalikuwa yakigongana. Nikamwambia turudi kwenye joto. Hakurudi saunani. Aliingia kwake, na moshi wake nikauona kwa mara ya kwanza kama ulivyokuwa, mzito, umelala juu ya paa, hautaki kupanda. Ulikuwa hivyo kwa wiki nyingi na macho yangu yalikuwa hapo hapo.

Kesho yake, Jumapili, Kaarina alikuwa amekuja kusali na mama yake. Kwenye kahawa Hilja hakushika birika. Alikaa na mkoba wake wa kufumia mapajani, ule mkubwa, mpaka watu wote wamekaa na Eino ameanza. Alikuwa na jipya kuhusu mtu wa posta. Curtis hakuketi mezani, alikuwa ukutani karibu na makoti, amekuja amwone mtoto tu.

Hilja akasimama. Akatoa mkobani vipande viwili vya kuni. Watu wakadhani ni mchezo, mmoja akasema, "Haya, darasa limeanza!" Akavigonganisha juu ya meza.

Du.

Chumba kile kina watu wa kuni. Hakikuhitaji maelezo. Kicheko kilikatika kama uzi. Akavigonganisha tena hata hivyo.

"Hizi ndizo nilizompa mtoto," akasema. "Nilizichanja mwezi wa tisa. Zina maji. Mbele niliweka za Urho ili mzione hizo. Eino alipokuja nilijua, nikaweka kahawa. Curtis aliponiuliza nilijua." Akaviweka vile vipande mezani. "Hana kosa. Kuni hizi hakuna mtu angeziwasha."

Nilimtazama Eino. Uso ulimpanda damu mpaka kwenye upara. Nikaona mtu wa pili akifungua mdomo kumtania, maana Eino ndiye aliyebeba zile kuni kwa mikono yake, na angestahili. Lakini Eino akatangulia.

"Sikugonga," akasema taratibu. "Nilizibeba, niliona nzito, sikugonga. Kwa sababu ilikuwa nyumba ya Urho."

Afadhali angemtukana. Hilja alishika ukingo wa meza.

Curtis alikuwa amesogea. Sote tulingoja aseme yamekwisha, bibi, usijali. Vijana wapole ndivyo wanavyosema. Hakusema.

"Uliniambia nifungue hewa," akasema.

"Nilikuambia."

"Niliifungua. Aila anampepea mtoto kwa gazeti, mimi niko magotini nafungua hewa, namwambia subira, Bi Hilja kasema subira." Hakupaza sauti hata kidogo. "Nilifikiri mimi ni mjinga. Nilifikiri nimemleta mke wangu kwenye ndoa na mtu asiyefaa."

"Najua."

"Hujui," akasema, akageuka akachukua koti lake.

Hakuna aliyegusa kikombe. Mimi nilitaka kusimama kando ya Hilja, nikabaki nashika kijiko. Aliyesimama ni Kaarina. Nilidhani atamkaripia mama yake, na nadhani Hilja naye alitamani hivyo, alikuwa ameinua uso tayari kupigwa. Kaarina akamletea koti. Akamvalisha mkono huu, akamvalisha mkono ule, akaanza kumfunga vifungo, kimoja kimoja, kutoka chini mpaka shingoni, kama mtoto wa chekechea mbele ya darasa. Na Hilja akasimama akaacha afungwe.

"Twende, mama," Kaarina akasema.

Vipande viwili vilibaki mezani, vinayeyuka, vinalowesha kitambaa.

Mchana ule ule nilipeleka kuni zangu za mepo kwa Curtis. Aliwasha na kiberiti kimoja. Tulitoka nje kutazama, moshi unapanda umenyooka kama kamba ya kisima. Kabla giza halijaingia pikapu ya Eino ikafika. Eino haombi radhi, sijui kama anajua inavyoombwa. Alikibeba kitanda cha mtoto mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akakiingiza mpaka ndani, akatoka, akasimama mbele ya mkwewe.

"Bomba lako," akasema, "kesho nitakuja tulifagie pamoja. Lami ile inashika moto."

"Sawa, baba."

Basi.

Asubuhi ya pili nilikuwa kwa Hilja namsaidia kufunga. Kaarina anatoa maji kwenye mabomba yasije yakapasuka kwa barafu, sanduku liko mlangoni. Mapatano ni mapatano, na Hilja hakuomba hata siku moja ya ziada. Nikasikia lori dogo nyuma. Curtis. Amerudisha kuni zote za mtoto, anazitupa uani, moja moja, kwa nguvu. Zinaanguka, du, du, du.

Hilja akavaa buti akatoka. Hawakusalimiana. Alisimama kando akimtazama anavyotupa mpaka zikaisha. Nilidhani sasa kijana ataondoka. Alisimama akizitazama zilivyolala ovyo kwenye theluji, akakuna shingo. Huku kwetu ameshaishi kiasi cha kujua kwamba kuni haziachwi hivyo. Akainama akaanza kuzipanga kwenye lile pengo walilolichimba akina Eino. Alizibana vizuri, akizigongomea kwa ngumi zisiache mwanya, kama mtu anayepanga vitabu.

"Usizibane," Hilja akasema.

Curtis akasimama na kipande mkononi.

"Zinataka upepo. Panya apite." Akapitisha kidole katikati ya vipande viwili. "Panya apite, paka asipite."

Curtis akakitazama kile kipande. Akakitoa kilichokuwa kando, akakisogeza. Akatoa kingine. Akaanza upya tangu chini, bila kumjibu, na Hilja akawa anamsogezea kutoka kwenye rundo, na yeye anapokea bila kumtazama. Wakafanya kazi hivyo. Nilikuwa dirishani na chombo mkononi, Kaarina nyuma yangu. Hakuna aliyetoka kuwasumbua.

Walipofika juu, Hilja akaanza kuzing'oa zile za Urho, za kijivu, za mbele. Akazirundika kwenye lori la Curtis.

"Hizi ni kavu," akasema. "Za mtoto. Zilipaswa ziwe hizi."

Curtis hakusema asante. Alizipokea, akazipanga garini, nazo zinalia zikigusana, kama vyombo vya kabatini. Sasa ukuta ukabaki umevuliwa, njano yote, maji yote, umeelekea barabarani. Gari likapita, likapunguza mwendo.

Kijana akaenda kwenye kibanda akaleta turubai la Urho, lile kubwa. Akalitandaza juu, akaanza kulishusha ubavuni mpaka chini, upande wa barabara, anatafuta mawe ya kulizuia. Nadhani ilikuwa huruma, japo uso ulikuwa bado umekazwa.

"Juu tu," Hilja akasema. "Ubavu uache wazi. Ukiufunika hazitakauka, zitaoza."

"Watu wataona rangi," Curtis akasema. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni siku ile. "Baridi yote, kila anayepita. Wataona."

Hilja alikuwa anavua glavu za Urho, kidole kimoja kimoja. Kaarina alishatoka na sanduku, gari linanguruma.

"Waone," akasema.